Walisema Baba Amefunga Mvua

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mtu akikiri kosa ambalo hakulitenda, akakiri ili watu watulie, na watu wakatulia kweli, siku akitaka kulikana atalikana kwa kinywa gani? Nililipepeta swali hilo kila nilipojilaza. Wenzangu tuliomaliza nao chuo wananijua. Walizoea kunicheka kwamba naweza kusimama mbele ya muuza chapati nikifikiria kama ninunue moja au mbili, mpaka chapati zikaisha. Lakini safari hii sikuwa ninapima chapati. Mjomba alikuwa amenipigia simu kutoka ziwani.

"Mwanangu, mwambie baba yako ashuke," alisema. "Mvua imegoma. Kuna mama mmoja huku, mjane, anafyatua matofali, na watu wanasema ameifunga. Nimewaambia, kabla hamjamgusa, mwiteni mwenye kazi yake. Shemeji aje aifungue, kama alivyoifungua ile."

Kama alivyoifungua ile! Na alisema kwa heshima, kama mtu anayemwita fundi wa mashine ya kusaga.

Nilikuwa nimepanga chumba Mbinga mjini, nikijitolea kwenye ofisi moja huku nikisubiri ajira. Jirani yangu alikuwa anajenga. Siku ile ile ya simu yalipita manyunyu mafupi, ya kudanganya, yakalowesha matofali mabichi aliyoyapanga nyuma ya ukuta wangu. Harufu ikaingia dirishani. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye nyumba za tofali mtasema harufu hiyo ni nzuri, ni harufu ya ujenzi, ya maendeleo. Kwangu ni harufu ya udongo unaotaka kurudi kuwa udongo. Nilifunga dirisha, na haikusaidia kitu.

Baba ni Mmatengo wa Namswea, mtu wa milimani, wa kahawa na mahindi na ngoro, yale mashimo tunayoyapanga mteremkoni kama sega la asali ili maji yasikimbie na udongo. Mama ni Mnyasa wa kijiji kimoja cha ufukweni, upande wa Lipingo. Alipanda kwetu na usipa wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akitaka kubadilishana kwa maharage, na baba akawa mnunuzi wa usipa wengi kuliko nyumba yake ilivyoweza kuwala. Walioana milimani. Mimi nilikuwa bado nanyonya wakati ushirika wa kahawa ulipodhoofika na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda na mizani yao wenyewe. Mwaka mmoja bei ilimfanya kila mtu aimbe. Mwaka uliofuata kahawa ilibaki kwenye magunia mpaka ikaota ukungu. Zilikuwa enzi za ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, na ukikwama ni ruksa kukwama. Baba alishuka nasi ziwani kwa wakwe zake kutafuta maisha.

Kuvua hakujua. Mtumbwi ulimzungusha kama kifaranga kwenye beseni, na watoto wa ufukweni walikuwa wanakuja makusudi kumtazama. Alichokijua ni udongo. Watu waliopata hela za usipa walikuwa wameanza kuchukia nyumba za miti na matope. Walitaka tofali la kuchoma, walitaka bati. Baba alipata udongo mzuri karibu na mto, pale unapotoka milimani na kuanza kuzubaa kuelekea ziwani. Akawa anakanyaga, anafyatua, anaanika, anapanga tanuru, anachoma. Kijiji kizima kilimwita shemeji, hata vitoto, kwa sababu alikuwa ameoa hapo. Na shemeji, kama mjuavyo, hutaniwa.

Kazi ya matofali huisha kabla ya masika. Mwaka ule haikuisha, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alikuwa anataka kujenga duka kubwa na alikuja kila mara na baiskeli yake kumhimiza baba. "Fyatua tu, shemeji, mvua bado kabisa," alisema, akitazama mbingu kama mtu aliyezinunua. Baba akafyatua. Na mvua kweli ikawa bado. Wakati wa kupanda ukafika, ukapita. Miche ya mpunga bondeni ikawa ya njano, kisha ikawa rangi ya mkeka mkuukuu. Ziwa lilirudi nyuma likaacha mawe ambayo hatukuwahi kuyaona, yana manyoya ya kijani, na sisi watoto tuliyapanda tukifurahi. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya milima, yakanguruma kidogo kama wazee wanaosafisha koo, kisha yakatawanyika.

Huko kwetu mtu mwenye matofali mabichi wakati wa ukame hahitaji mshtaki. Kila mtu anajua kwamba mfyatua matofali hataki mvua. Kutoka hapo hadi kusema kwamba ameizuia ni hatua fupi mno. Mwanzoni ilikuwa utani. Wanaume waliokuwa wakitengeneza nyavu walimwita kila alipopita.

"Shemeji! Leo umeifunga wapi?"

"Nyuma ya tanuru," baba alijibu. "Inakula majani. Leteni kuku niwafungulie."

"Mmatengo huyu! Kwao kahawa imekauka, sasa amekuja kutukausha na sisi!"

"Nimewakausha vizuri. Mbona usipa wenu mnapenda wakauke?"

Wakacheka wote, na baba akacheka kuliko wao. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Sikucheka. Nilikuwa nimeshika neno moja tu, kwamba mvua iko nyuma ya tanuru, inakula majani.

Nilimweleza Neema, binti wa mjomba, ambaye tulikuwa rika moja na hatukuachana isipokuwa wakati wa kulala. Neema alikuwa mtu wa maamuzi. Kama angekuwa hai, nadhani angekuwa ananiamulia mambo hadi leo. Alisema, "Kama imefungwa, nani anainywesha?" Swali hilo lilitutia huruma sote wawili. Mbuzi akifungwa kutwa bila maji hulia; sisi tulikuwa tumeisikia mvua ikilia kila alasiri kule milimani. Tukachota maji ziwani kwa kopo la rangi, tukaenda nyuma ya tanuru. Hatukuona mnyama. Tuliona vile vinywa vya chini ambamo kuni husukumwa, vyeusi, virefu. Neema akamwaga maji kwenye kinywa kimoja. Kitu kikakwaruza ndani, mjusi labda, kikanyamaza.

"Imekunywa!" alisema Neema.

Baba alitukuta pale. Aliona maji, akauliza ni nani amelowesha tanuru lake, na nilipomwambia tumeinywesha mvua alikaa chini juu ya tofali lililovunjika akacheka mpaka akafuta macho. "Mmefanya vizuri," alisema. "Aliyefungwa hanyimwi maji." Basi nami nikabaki na uhakika wangu. Hakusema haipo.

Utani ulichacha taratibu. Wanaume wale waliendelea kumwita, lakini hawakusubiri jibu. Mwanamke mmoja alimkatalia mama kuchota naye maji. Kisha tukaitwa kwenye mkutano wa kijiji, na utani wa baba ukasomwa juu yake kama ushahidi.

"Alisema mwenyewe! Iko nyuma ya tanuru. Alitaka kuku!"

"Nilikuwa natania, jamani. Tunataniana kila siku."

"Mbona wewe unatania na mpunga wetu ndio unakufa?"

Mwenyekiti alisimama. Maneno yake ninayakumbuka, kwa sababu mama aliyarudia kwa miaka, akiiga na kile kikohozi chake. "Serikali haiamini mambo haya," alisema. "Lakini wananchi wamelalamika, na mimi ni mtumishi wa wananchi. Shemeji, wasikilize wananchi." Hakusema kwamba matofali yale ni yake. Hakusema ni yeye aliyehimiza yafyatuliwe. Alikaa, akapangusa kofia yake.

Jioni ile mjomba alikuja kwetu. Sikumchukia wakati huo, na hata leo nikimchukia siwezi kumaliza. Alichuchumaa mlangoni, akaongea na baba kwa sauti ya chini.

"Shemeji, mwaga tu maji kidogo, useme maneno, yaishe. Hawa ni ndugu zako. Wakikasirika mimi peke yangu sitaweza kuwazuia."

"Niseme maneno gani? Siyajui."

"Yoyote. Sema Kimatengo. Nani atajua?"

"Wewe!" mama alimwambia kaka yake kutoka jikoni. "Mume wangu si bomba la maji."

Lakini baba alimtazama mjomba, akanitazama mimi, akatazama ukuta wa nyumba aliyojengewa na wakwe. Alikuwa mgeni. Mgeni huanza kwa kukubali. Alikubali.

Kesho yake watu wote walikwenda kwenye tanuru. Walimpa baba ndoo. Alizunguka akimwaga maji kwenye kona, na matofali mabichi yakaanza kulainika na kutoa ile harufu. Kisha akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa Kimatengo. Wanawake wengine walifunika nyuso. Katika umati ule mimi na mama peke yetu tulielewa alichokuwa anasema. Alikuwa anaita mbuzi. Yalikuwa yale maneno ambayo bibi yangu wa Namswea aliitia mbuzi wake jioni kutoka ng'ambo ya bonde: njooni, jua limezama, njooni mlale. Mama alitazama chini akiuma mdomo, sijui kwa kicheko au kwa aibu. Mimi nilifurahi. Sasa niliona wazi: mvua ilikuwa imefunguliwa na inaitwa nyumbani.

Na ikaja. Hapa ndipo hasira yangu inapoanza kutafuta pa kukaa. Kama ingechelewa, wangesema huyu hajui kitu, wangemcheka, wangemsahau. Ilikuja haraka. Kijiji kilipiga vigelegele. Watu walisimama nje midomo wazi, watoto tukajigaragaza kwenye matope. Na kuku akaletwa kweli, tetea mweusi, amefungwa miguu, na mwanamke yule yule aliyemkataa mama kisimani. Mama hakutaka hata kumpokea.

"Ukimla kuku huyu," alimwambia baba, "umekula na mvua yake."

"Nikimrudisha watasema nimekasirika," alisema baba. Akamchinja mwenyewe, akampika mwenyewe. Mimi nilikula paja.

Mvua haikuacha. Ilinyesha mpaka furaha ikalowa. Ilinyesha mpaka muhogo ulioloekwa ukaoza, na usipa wakaota funza juu ya vichanja, na ziwa likapanda likameza yale mawe, kisha mchanga, kisha bustani ya shule iliyokuwa chini ya kilima, mpaka shina la mwisho. Redioni walisema hali ya hewa imevurugika dunia nzima. Ndani ya nyumba zetu hakuna aliyekuwa na shida na dunia nzima. Watu walianza kupita kwetu wakimwangalia baba kwa njia mpya.

"Shemeji, imetosha sasa."

"Mimi sina—"

"Imetosha, shemeji. Tafadhali."

Halafu ikapatikana siku ya jua. Nalikumbuka jua lile kwa uchungu. Asubuhi ilipambazuka safi, ziwa linang'aa, kila mtu ameanika godoro lake na mashuka yake. Mama alinikalisha mlangoni kunisuka. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa. Neema alisimama mbele yetu akiruka mguu mmoja, ananisubiri.

Tukasikia muungurumo kutoka upande wa milima. Sisi watoto tuliujua muungurumo ule, au tulidhani tunaujua: malori ya wafanyabiashara wa usipa yakishuka. Yalivuka mto pale kwenye kivuko, na utingo walikuwa na desturi ya kuturushia vipande vya muwa. "Lori!" alipiga kelele Neema. Nilitaka kuruka. Mama alinishika nywele. "Kaa, sijamaliza." Neema akanitolea ulimi, akakimbia kuelekea kivukoni.

Huku kwetu hapakuwa na tone. Ilikuwa imenyesha juu, milimani, na mto ulileta yote kwa pamoja. Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa kahawia, yamesimama, yamebeba magogo yaliyokatwa kwa msumeno, manene, na nyuma yake milango, maboga, mbuzi, na mti mzima wa kahawa wenye matunda mekundu bado. Baba alitokea sijui wapi. Alininyanyua kwa mkono mmoja, akamburuta mama kwa mwingine, tukapanda kilima cha shule. Kutoka juu niliona tanuru likisimama kidogo katikati ya maji, halafu likaketi, kama mtu aliyechoka. Bonde la mpunga likawa ziwa. Ziwa lenyewe lilikuwa na mawimbi na halikutaka kuupokea mto, ukajaa ukirudi nyuma, ukaingia nyumba ambazo ulikuwa umezipita. Magodoro yaliyoanikwa yalielea juani.

Neema alipatikana kesho yake ufukweni, mbali, kwenye matete.

Mimi nilikuwa na kichwa kilichosukwa nusu na hakuna aliyekumbuka kunimalizia. Nilikaa msibani hivyo. Nilikuwa nafikiri: ilifungwa siku nyingi, ikapewa kopo moja tu la maji, lazima ingerudi na hasira. Hayo ndiyo mawazo niliyokuwa nayo. Sikumwambia mtu, na hapakuwa na mtoto mwingine wa kuambiwa.

Mjomba hakumpiga baba. Watu wengine walitaka kumpiga. Walikuja na fimbo na mjomba akasimama mlangoni akawarudisha. Kisha akaingia ndani. Alikuwa amepoteza sauti kwa kulia. Alikaa chini mbele ya baba, kama siku ile alipokuja kumbembeleza, akamuuliza polepole, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Shemeji, kwa nini hukuifungua kidogo kidogo?"

Baba alifungua mdomo. Nilimwona. Alitafuta neno na neno halikuwepo, kwa sababu alikuwa amelitoa mwenyewe kwenye tanuru mbele ya watu wote, na alikuwa amekula kuku. Na aliyekuwa anauliza ndiye aliyemwambia, sema yoyote, nani atajua. Ndiye aliyejua kuliko wote kwamba yalikuwa maneno ya bure. Lakini mtu aliyempoteza mtoto hawezi kuishi na maneno ya bure. Anahitaji mtu. Baba alikuwa mtu aliyekuwepo.

"Nisamehe, shemeji," baba alisema.

Nimekuwa nikikasirika kwa miaka, na nimejaribu kuipanga hasira yangu vizuri, nisimwonee mtu. Siikasirikii mvua. Mvua haijui jina la mtu. Ninayakasirikia magogo yale. Yalikuwa na alama ya msumeno, na kila mtu aliyaona. Miaka miwili mitatu kabla, mfanyabiashara mmoja alipewa ruhusa kukata miti kwenye chanzo cha mto, ikaitwa biashara huria, na mwenyekiti wetu aliweka mhuri wake kwa sehemu iliyo upande wetu. Ndipo hamu ya kujenga duka kubwa ilipomwingia. Milima ikabaki upara. Watu wakalima wima, mpaka chini, bila hata ngoro, kwa haraka ya kuuza. Maji yakipata mteremko mtupu hayahitaji kufunguliwa na mtu. Je, aliitwa nani kwenye mkutano kuulizwa kuhusu magogo? Hakuna. Magogo yalikusanywa ufukweni, yakapasuliwa mbao, na baadhi ya mbao zikaezekea duka la mwenyekiti. Waliweza kumuuliza mtu kuhusu wingu, wakashindwa kumuuliza mtu kuhusu gogo lililolala mlangoni.

Tulipanda Namswea tukiwa na sufuria mbili na picha ya harusi. Mama hakushuka tena ziwani, hata alipofiwa. Baba hakufyatua tofali tena. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza mama, "Kwani baba aliifunga kweli?" Alikuwa anapepeta maharage. Aliacha. Akaweka ungo chini, akasema, "Kwa hiyo hata wewe." Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kufikiri mara nyingi kabla ya kuuliza.

Sasa mnaelewa ile simu.

Niliomba ruhusa ofisini, nikaenda Namswea. Nilimkuta baba ameshajua. Mjomba alikuwa amempigia pia. Alikuwa amekaa kizingitini anapiga brashi koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja kunisindikiza?"

"Baba, unakwenda kufanya nini?"

"Kazi ndogo. Nitamwaga ndoo ya maji, nitaita mbuzi wa marehemu bibi yako, watamwacha yule mjane. Wakishaamua, wanaweza kumuumiza. Unawajua."

"Na mvua ikija vibaya?"

Aliendelea kupiga brashi bega la koti, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Basi watasema ni mimi. Mimi nimezoea."

Ndani mama alisema kwa sauti, asitutazame, "Viatu vyake nimevificha. Akitaka aende peku, kama mganga."

Nimezoea! Neno hilo lilinifanyia kitu ambacho mawazo yangu yote yalikuwa hayajaweza kufanya. Niliona jinsi alivyokuwa amelibeba gunia la watu wengine mpaka likawa nundu yake. Niliona pia kwamba hakuwa na makosa yote: mama yule alikuwa hatarini kweli, na kukataa tu, kukaa Mbinga na kusema huu ni ujinga, kungekuwa ni kumwacha peke yake na ndoo zao. Nilikuwa nimekaa na swali la atalikana kwa kinywa gani. Jibu lilikuwa rahisi na la kutisha. Kwa changu.

"Koti lirudishe sandukuni, baba," nilimwambia. "Nitashuka mimi."

"Wewe utaifungua?" Alishtuka kweli, masikini.

"Sitafungua kitu."

Nilishuka na gari la mizigo, nimekaa juu ya magunia ya mahindi, na njia nzima nilikuwa nafanya mahesabu ya hofu: wakinizomea, wakinisukuma, mjomba akilia. Milima ilikuwa na vumbi. Ziwa lilipotokea chini, nilitaka kurudi Mbinga. Nilipofika nilimsalimia mjomba. Amezeeka, amekuwa mdogo. Alitazama nyuma yangu.

"Shemeji yuko wapi?"

"Hakuja, mjomba. Baba hajui kufunga mvua wala kuifungua. Siku ile alikuwa anaita mbuzi. Na wewe ulijua kwamba si kitu. Ulimwambia mwenyewe aseme yoyote."

Nilidhani atanifukuza. Alisema tu, "Neema angekuwa na watoto sasa." Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Mama Sifa, yule mjane, nilimkuta kwenye shimo lake la udongo, anakanyaga peke yake. Aliponiona mgeni nimevaa viatu vizuri alidhani nimetoka serikalini. Nilimweleza mimi ni binti wa nani. Akasimama. Akanitazama kwa hofu, kisha akacheka kidogo. "Yule wa mvua? Jamani, mimi ndio nalipishwa mkopo wa baba yako."

"Sogea kidogo," nilimwambia. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Udongo ulikuwa wa baridi na mzito, ulinishika mpaka kwenye magoti.

Walikuja alasiri na ndoo za maji ya kuyalowesha matofali yake, wengi kuliko nilivyotarajia, mjomba akiwa kati yao. Kijana mmoja alipiga kelele, "Huyo mwingine ni nani?" Nilitaja jina la baba. Nilisema kwa sauti: baba hakufunga mvua yoyote, alikiri kwa sababu mlimtisha, na mlichokiona kikishuka ule mwaka kilikuwa milima iliyonyolewa, na wako hapa wanaomjua aliyeinyoa. Kama kufyatua ni kufunga, basi leo tunafunga wawili. Anayetaka kumgusa huyu mama aanze na mimi. Mzee mmoja kando alisema, "Msomi ameshuka," wengine wakacheka, wengine wakatukana. Hakuna aliyeondoka na hakuna aliyesogea.

Mjomba alikuja mpaka ukingoni mwa shimo na ndoo yake.

"Mwanangu, na ikija vibaya tena?"

"Ikija vibaya tutakimbia wote, mjomba. Tutawabeba watoto. Lakini hatutatafuta mtu." Kisha nikaona udongo miguuni mwangu umeanza kukauka na kupasuka, nikamwambia, "Hayo maji kama huna kazi nayo, yamwage hapa."

Aliisimamisha ndoo kwenye ukingo. Hakumwaga, hakuondoka. Mama Sifa alichoka kusubiri. Aliivuta ndoo ile mwenyewe, akaimimina kwenye udongo, akanisukumia kalibu, lile boksi la mbao la kufyatulia. Nilijaza, nikasawazisha kwa kiganja, nikafyatua. Tofali langu la kwanza lilitoka limepinda. Nikalibomoa, nikajaza tena.